Mbuzi Hakutajwa

Fedheha nyingine hupona zenyewe. Ya kuteleza topeni na kapu la nyanya huisha nyanya zikishaokotwa. Ya kumpungia mkono mtu aliyekuwa akimpungia mwenzake nyuma yako huisha ukishajikuna kichwa kana kwamba ndilo lililokuwa kusudio. Lakini fedheha ya kusimama kando ya barabara ya London saa mbili asubuhi, helmeti kichwani, kizibao cha njano kifuani, mguu wa suruali umebanwa na kibanio, na chini ya miguu hamna kitu, haina dawa ya haraka. Kilichokuwa chini ya miguu kinapakiwa kwenye karandinga, nacho ni skuta ya umeme iliyonunuliwa dukani kwa risiti. Aliyenyang'anywa baiskeli hubaki mtu wa kawaida asiye na baiskeli. Aliyenyang'anywa skuta hubaki na helmeti, na helmeti bila chombo ni kifuniko bila sufuria: kila apitaye anataka kujua sufuria iko wapi. Akiivua, ataibeba mkononi mchana kutwa. Akiiacha kichwani, atapanda basi akiwa ndiye abiria pekee aliyejiandaa kwa ajali. Ninachotaka kusema ni kwamba fedheha hiyo imemwangukia asiyestahili. Anayepaswa kusimama pale na helmeti ni sheria yenyewe.

Tuelewane kwanza ni chombo gani. Simaanishi skuta ya kukalia, jamaa yake pikipiki, yenye kiti na taa ya mbele kama jicho la bundi. Nasema ile ya kusimamia: ubao mwembamba, gurudumu mbele, gurudumu nyuma, mlingoti wenye usukani. Jana ilikuwa ya watoto na ilisukumwa kwa mguu. Leo imetiwa betri na inapandwa na watu wazima wenye tai. Nchini Uingereza ni halali kuitengeneza, kuiagiza, kuiuza, kuinunua na kuimiliki. Pale dukani serikali huchukua kodi yake ya ongezeko la thamani, asilimia 20, bila kuuliza unaipeleka wapi. Maswali huanza ukivuka kizingiti. Barabarani hairuhusiwi. Kwenye njia ya waenda kwa miguu hairuhusiwi. Kwenye njia ya baiskeli hairuhusiwi. Kilichobaki ni ardhi ya mtu binafsi, tena kwa idhini yake. Kwa hiyo mpangaji wa ghorofa ya nne anaweza kuiendesha kihalali kabisa kutoka jikoni hadi sebuleni, mradi mwenye nyumba hana neno. Ni kama kuuziwa samaki, ukatozwa na ushuru wa soko, kisha mlangoni ukaambiwa usimpike na usimle mbichi.

Jinsi sheria ilivyofika hapo ni hadithi tamu kuliko chombo chenyewe, na haifai kusimuliwa mbio. Sheria ya barabara ya mwaka 1988 inasema gari la mota ni chombo chochote kinachoendeshwa kwa nguvu ya mashine, kilichokusudiwa au kurekebishwa kutumika barabarani. Haitaji milango, viti wala paa. Ni maneno mapana kama kanzu ya kuazima. Mwuzaji mjanja atasema: lakini mimi nimebandika onyo kwamba kisitumike barabarani, basi hakikukusudiwa barabara. Hoja hiyo ilishafika Mahakama Kuu mwaka 2000, katika kesi ya polisi wa North Yorkshire kuhusu skuta yenye injini ndogo iitwayo Go-Ped. Mahakama ikasema nia ya mtengenezaji peke yake haitoshi. Kipimo ni kama mtu mwenye busara, akikitazama chombo, ataona kwamba barabarani ni mojawapo ya mahali kitakapotumika. Bila shaka ataona. Kitu chenye magurudumu, usukani na mota hakikuumbwa kwa ajili ya kuanikia nguo. Hivyo skuta ikawa gari, na ilipokuwa gari ikadaiwa yote ya gari: leseni, bima, usajili, namba mbele na nyuma, na uthibitisho kwamba imetengenezwa kwa viwango ambavyo hakuna aliyeviandika kwa kuifikiria yenyewe. Mtoto amesajiliwa shule kwa jina la babake, sasa anadaiwa na kodi ya babake.

Mwenye skuta akishuka barabarani akapanda njia ya waenda kwa miguu, huko anasubiriwa na sheria nyingine, ya mwaka 1835, enzi za Mfalme William IV, wakati Victoria alikuwa bado binti wa miaka 16 na baiskeli ya pedali haijaingia sokoni. Kifungu cha 72 kinakataza kupitisha kwenye njia hiyo farasi, punda, kondoo, nyumbu, nguruwe na ng'ombe, pamoja na gari la kukokotwa la aina yoyote. Orodha hiyo ni ya kusomwa mara mbili. Mbuzi hakutajwa. Yeyote aliyewahi kuishi na mbuzi anajua kwamba huyo ndiye angeandikiwa sheria wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wanasheria watasema neno nililolitafsiri ng'ombe, kwa Kiingereza cha zama hizo, linaweza kuvutwa hadi limfunike naye, na huenda wana haki. Kuvuta maneno ndiyo kazi yao, na kwenye kifungu hiki wamevuta kweli kweli. Mwaka 2011 Mahakama Kuu iliamua kwamba Segway, kile chombo cha umeme cha magurudumu mawili sambamba kinachojisawazisha chenyewe, kilichopitishwa kwenye njia ya waenda kwa miguu huko Barnsley, ni gari kwa maana ya mwaka 1835. Skuta ikarithi balaa hilo hilo. Juu ya lami ni gari la kisasa lisilo na bima. Kando ya lami ni gari la farasi lisilo na farasi.

Kosa liko wapi? Jibu linaonekana ukikitazama chombo bila kukiangalia kwa macho ya gari wala ya farasi, na kukitazama ni raha. Mota yake imejificha ndani ya kitovu cha gurudumu. Katika mota tulizozizoea, cha katikati huzunguka na ganda hutulia. Hapa mambo yamepinduliwa: koili za waya zimefungwa kwenye ekseli isiyozunguka, sumaku zimepangwa kwa ndani kuzunguka ukingo, na gurudumu zima ndilo linalokimbia. Hakuna mnyororo, klachi wala oili. Kompyuta ndogo huwasha koili kwa zamu, makundi matatu yakipokezana, na sumaku huzifuata kama mtoto anayeonyeshwa kipande cha embe kinachosogezwa kila anapokaribia kukishika. Mwendeshaji akiachia, sumaku zile zile zikiendelea kuzunguka huzalisha umeme na kuurudisha betrini, na kazi hiyo ya kuzalisha ndiyo inayopunguza mwendo. Breki inajilipa mshahara. Chini ya miguu, katika skuta nyingi za mjini, zimo seli za lithiamu zilizounganishwa kumi kumi kwa mfululizo zifikishe volti 36, na seli ya kawaida haizidi unene wa kidole gumba. Mtu mzima anabebwa na kitu anachoweza kukikunja na kukipandisha ngazi.

Lakini uhandisi huo huo ndio unaosema kanuni ziwe zipi. Gurudumu la skuta ya kawaida lina kipenyo cha inchi nane na nusu hivi, yaani nusukipenyo cha sentimita kumi na kitu. La baiskeli ya watu wazima lina nusukipenyo cha sentimita zaidi ya thelathini. Likikutana na kingo ya shimo yenye kina cha sentimita tatu, gurudumu dogo linahitaji, kwa hesabu ya kawaida ya gurudumu gumu, msukumo unaokaribia uzito wote uliolilemea. La baiskeli linahitaji chini ya nusu. Shimo ambalo mwenye baiskeli huliita usumbufu, mwenye skuta huliita hatima. Anasimama wima juu ya ubao, uzito wake uko juu na magurudumu yako karibu, hivyo breki ya ghafla humrusha mbele. Akiinua mkono kuonyesha anakata kona, usukani mwepesi hutetereka. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa anapita mita saba kila sekunde, kimya kimya, na mwenda kwa miguu asiyeona hatasikia kitu mpaka afikiwe. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema skuta ni baiskeli tu iliyotiwa umeme. Si baiskeli. Si gari. Ni kitu cha tatu, na mzizi wa mkasa wote ni kwamba sheria imekataa kukipa jina.

Jina ni jambo kubwa, nasi tunaozungumza Kiswahili hatuhitaji kufundishwa hilo. Chombo kipya hakimalizi msimu mitaani kwetu bila kupewa jina: matatu, daladala, bajaji, bodaboda, guta, kirikuu. Majina hayo yalizaliwa vituoni na masokoni, si bungeni, na hakuna aliyengoja tume. Lakini bunge na wizara zilipoamka, zilikuta kazi imekwisha kufanywa nusu, kwa sababu jina humwambia trafiki akague nini, humwambia wakala wa bima apime hatari gani, humwambia abiria atarajie nini. Tanzania ilipotunga mwaka 2010 kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji za kubeba abiria, haikulazimika kuamua kama bajaji ni basi dogo au pikipiki nene. Iliiandikia masharti yake yenyewe. Mtu anaweza kulalamika kwamba masharti hayafuatwi, na atakuwa na mengi ya kuonyesha, lakini angalau yanafuatika. Hiyo ndiyo hoja yangu yote: kanuni ya haki ni ile ambayo mtu mwema, akitaka kuitii, anaweza.

Uingereza inamwambia mwenye skuta yake akate bima, wakati soko la bima halina ya kumuuzia. Inamwambia asajili chombo ambacho hakuna namna ya kukisajili. Sheria ni msumeno, wahenga walisema, hukata mbele na nyuma. Huu umeundwa ukate miguu tu. La kuchekesha ni kwamba serikali hiyo hiyo inajua njia. Julai 2020 iliruhusu majaribio ya skuta za kukodi, ya kwanza yakiwa Middlesbrough, na ghafla masharti yanayofuatika yakapatikana: mwendo usiozidi kilomita 25 kwa saa, mota isiyozidi wati 500, uzito usiozidi kilo 55, mpanda awe na miaka 16 na leseni hata ya kujifunzia, kampuni ya kukodisha ilipe bima. Skuta ikawa halali barabarani na kwenye njia ya baiskeli, mradi ni ya kukodi. Ya kwako mwenyewe, ikiwa pacha wake kwa kila skrubu, inabaki haramu. Majaribio yalipangwa ya miezi 12. Yameongezwa muda, yakaongezwa tena, na tena, mpaka yamekuwa taasisi. Mei 2022, katika hotuba ya ufunguzi wa bunge, iliahidiwa sheria ya usafiri ambayo ingeunda kundi jipya kwa ajili ya vyombo hivi. Muswada haukufika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wameuwekea ufa kamati.

Wapo watakaosema kundi jipya ni ndoto ya waandishi wa magazeti. Ujerumani waliiota na wakaamka nayo. Kanuni zao zilianza kutumika 15 Juni 2019: chombo kina jina lake kisheria, mwendo wake hauzidi kilomita 20 kwa saa, lazima kiwe na breki mbili zinazojitegemea, taa na kengele, mwendeshaji awe na miaka 14, leseni haitakiwi, njia ya waenda kwa miguu ni marufuku, na kiwango cha pombe ni kile kile cha mwenye gari. Zaidi ya yote kina kibandiko cha bima, kidogo kama karata, kinachobandikwa nyuma na kubadilishwa kila mwaka. Kibandiko hicho hunifurahisha kuliko mota. Kina namba. Mwenda kwa miguu aliyegongwa ana kitu cha kusoma, polisi ana kitu cha kutafuta, na aliyevunjika mguu ana pa kudai. Je, Wajerumani hawapandi wawili wawili baada ya bia? Wanapanda. Lakini wanapokamatwa, wanakamatwa kwa walilolifanya, hawakamatwi kwa kuwapo.

Wapo pia wa upande wa pili, wasemao: basi waachwe wapande, mambo yatajipanga. Hao nawapeleka Nairobi. Mwaka 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba matatu zibebe abiria bila leseni walizodaiwa wabebaji wengine, na ruhusa ikatangulia masharti. Matatu zikasitawi, na pamoja nazo mengi yasiyopaswa kusitawi, hadi Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilipodai vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda na mstari wa njano ubavuni. Abiria walioachwa vituoni siku zile wakatembea kwa miguu. Ruhusa bila masharti na marufuku bila njia ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili zinamwachia kila mtu ajitungie sheria yake.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, na silidharau. Wanasema chombo hiki ni hatari, marufuku iendelee. Lakini marufuku ipo, na skuta zipo, na kwa kuwa zimekatazwa hakuna anayeandika kiwango cha breki yake, ukubwa wa gurudumu lake wala ukomo wa mwendo wake. Ndiyo maana skuta ya kilomita 25 na ile inayopita 60 zinauzwa pamoja, zote zikiwa haramu sawasawa. Sheria imezifanya dada pacha. Desemba 2021 usafiri wa umma wa London ulizipiga marufuku kwenye treni na mabasi yake baada ya betri kuwaka moto, na ulifanya vyema, lakini moto wa betri ni swali la kiwango cha seli, na swali hilo huulizwa mlangoni mwa kiwanda, halisubiri mlango wa treni. Wengine wanatoa hoja ya werevu zaidi: kwa kuwa skuta ni gari kisheria, anayegongwa na skuta isiyo na bima anaweza kudai fidia kwenye mfuko wa kampuni za bima ulioundwa kwa ajili ya magari yasiyokatiwa bima. Ni kweli, na ni afueni. Ila mfuko huo hujazwa na wenye magari waliokata bima zao. Mwenye skuta yuko tayari kulipa, kisheria anadaiwa alipe, na hakuna dirisha la kupokea pesa yake.

Kwingineko nipite haraka. Paris ilipiga kura Aprili 2023, wakajitokeza wapiga kura wasiofika asilimia 8, karibu tisa katika kila kumi wakasema skuta za kukodi ziondoke, zikaondoka. Za watu binafsi zimebaki. Singapore ilizifukuza kwenye njia za waenda kwa miguu Novemba 2019. Miji hiyo imekosea au imepatia, lakini yote miwili ilijua inazungumzia kitu gani.

Hapa mzaha unaanza kuchacha. Faini ya kuendesha bila bima Uingereza ni pauni 300 na pointi sita kwenye leseni. Dereva aliyefaulu mtihani chini ya miaka miwili iliyopita, akifikisha pointi sita, hupoteza leseni na kuanza upya kama mwanafunzi. Yaani kijana anaweza kunyimwa gari la kumpatia riziki kwa sababu alisimama juu ya ubao aliouziwa kihalali, kwa kukosa bima isiyouzwa. Na tuulizane ni nani aliye juu ya ubao huo alfajiri. Mwenye gari hana haja nao. Anayeuhitaji ni wa zamu ya saa kumi na moja, anayetoka kabla basi halijaanza, aliyepiga hesabu ya nauli ya mwezi akaona skuta inajilipa. Serikali ilipokea asilimia 20 yake kaunta, ikamtazama anatoka, ikamngoja kwenye kona. Mfanyabiashara akiuza mzigo kwa mkono wa kulia na kuunyang'anya kwa mkono wa kushoto, tuna jina lake, na hatuliandiki kwenye magazeti.

Ninachodai kinatosha kwenye kibandiko kile kidogo kama karata: jina, mwendo, breki mbili, namba, na dirisha la kulipia. Atakayevunja hayo akamatwe, nami sitamtetea, hata helmeti yake iwe nzuri vipi. Mpaka siku hiyo, mwenye kutaka kupita njia ya waenda kwa miguu na maneno ya mwaka 1835 yasimtaje waziwazi, atafute mbuzi mwenye nguvu na kamba ndefu. Helmeti tayari anayo.